Nilivyoishusha Bei ya Gofu ya Chini

Masunga alinipigia simu mara sita kabla sijamaliza kuosha vyombo vya asubuhi. Ya saba nikapokea.

"Mama Shifa, karatasi ya mwezi huu iko wapi? Watu wananiuliza mimi."

"Sitoi karatasi kwa ajili yako tena."

"Utatoa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Akakata.

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kuishika hadithi hii, haya yatakutosha. Mimi ni Zamda, dalali wa nyumba na viwanja, nakaa Somanda hapa mjini Bariadi. Mume wangu Abubakari ni fundi cherehani. Mwaka jana aligongwa na bodaboda, akavunjika paja, na mpaka leo anatembelea gongo.

Nje ya mji, upande wa barabara ya Lamadi, kuna makazi matatu yaliyopakana. Kila moja lina uzio wake, geti lake, na kipande chake cha uwanja wa gofu. Waliojenga waliyapa majina ya Kizungu yasiyokaa ulimini. Sisi tunasema Gofu ya Juu, Gofu ya Kati na Gofu ya Chini, kwa jinsi yalivyopangana kuteremkia mtoni. Juu kuna mashimo tisa ya kuchezea. Kati kuna sita. Chini kuna matatu tu, na ng'ombe wa majirani wakipata upenyo wanayamaliza majani yake kwa asubuhi moja.

Kila mwezi nilikuwa naandika karatasi ya kulinganisha bei za makazi hayo. Nyumba ya vyumba vitatu imeuzwa ngapi Juu, ngapi Kati, ngapi Chini, na mwezi uliopita ilikuwa ngapi. Naipiga picha, naituma kwenye makundi ya simu. Watu waliiamini karatasi ile kuliko utabiri wa mvua.

Wiki iliyopita nilikiri hapa jambo ambalo sikuwahi kulitamka. Mwezi wa tatu, Masunga, meneja mauzo wa Gofu ya Kati, alinipa milioni nne. Nami nikaandika mauzo matatu ya Gofu ya Chini ambayo hayakuwahi kufanyika. Bei ya kweli ilikuwa milioni mia na tano. Mimi nikaandika sabini na nane, sabini na nne, sabini. Tangu hapo sijatoa karatasi nyingine.

Milioni nne zile ziliingia kwenye mguu wa mume wangu, vyuma vya kuungia mfupa. Yeye nilimwambia ni mchezo wa akina mama, ule wa kuchangishana na kupokezana.

Sasa tuendelee.

Nilikuwa nimeamua kurekebisha. Nilijiambia, Zamda, uliharibu kwa kalamu, tengeneza kwa kalamu. Utaandika bei za kweli za mwezi huu, watu wataona Chini haijashuka, watatulia, mambo yataisha kimyakimya. Hata kuomba radhi haitakulazimu.

Nilijifunga mtandio, nikaenda kukusanya bei.

Gofu ya Juu mlinzi ananifahamu. Nyumba mbili zimeuzwa mwezi huu, akaniambia, moja mia sabini, nyingine mia sabini na mbili. Wanunuzi ni watu wa migodini na wenye hoteli za kule mbugani. Juu inapanda. Sawa.

Gofu ya Kati, mia na ishirini na moja. Mwezi wa tatu ilikuwa mia na ishirini. Kati imesimama. Sawa.

Nikashuka Gofu ya Chini. Pale nakala zote za mikataba zinatunzwa na Monika, katibu wa wakazi, mama mmoja mnene mwenye duka la vinywaji ndani ya geti. Alinivutia kiti, akanifungulia soda bila kuniuliza.

"Mama Shifa, wewe ndiye uliyetufumbua macho," akasema. "Bila karatasi yako tungekaa hapa kama kuku tusijue kinachokuja."

Nikaisogeza soda pembeni.

"Nipe mikataba ya kuanzia mwezi wa tatu," nikamwambia.

Alinipa saba. Saba, msomaji. Makazi yale kwa kawaida huuza nyumba mbili kwa mwaka.

Nikaanza kusoma. Sabini na mbili. Sitini na nane. Sitini na sita. Sitini. Hamsini na nane. Hamsini na tano. Hamsini na mbili.

Mihuri yote ipo. Mashahidi wapo. Sahihi za mume na mke zipo. Hakuna hata mmoja wa kughushi.

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Mimi niliandika uongo wa nyumba tatu. Watu wakaogopa, wakauza kwelikweli kwa bei ya uongo wangu, kisha chini ya hapo, kisha chini zaidi. Uongo ulikuwa umezaa watoto saba, na watoto wote wana cheti cha kuzaliwa.

Sasa ningerekebisha nini? Nikiandika ukweli wa mwezi huu, ukweli wenyewe ni hamsini na mbili.

Nikarudia mikataba ile, safari hii naangalia majina. Upande wa mnunuzi, kwenye mikataba mitano kati ya saba, jina ni moja. Benadetha.

Benadetha ni mke wa Masunga. Namjua, tumewahi kukaa meza moja kwenye harusi.

Nikageuza mkataba wa mwisho, ule wa hamsini na mbili, nione aliyeuza ni nani.

Mwalimu Evalina Mayala.

Nililiangalia jina lile mpaka herufi zikaanza kucheza. Mwalimu Evalina ndiye aliyenifundisha darasa la nne. Ndiye aliyemfuata baba yangu dukani, mbele ya wateja, akamwambia huyu binti ukimwachisha shule nitakaa hapa kwenye hili gunia la mchele mpaka umrudishe. Na alikaa. Siku mbili alikaa.

"Monika, Mwalimu amehamia wapi?"

"Binza, Maswa. Amepanga vyumba viwili. Alilia siku anaondoka, ila alisema afadhali hasara nusu kuliko hasara nzima."

Nilitoka pale sijui nimeaga au sikuaga.

Masunga alikuwa ananisubiri kibandani kwangu. Amekaa kwenye kiti cha mteja, mguu juu ya mguu, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi.

"Umetoka Chini," akasema. "Nimeambiwa."

"Umenunua nyumba tano kwa jina la mkeo."

"Mke wangu ana hela zake. Kuna kosa?"

"Masunga, ulinidanganya! Ulisema unataka tu Kati ionekane nzuri, mwezi mmoja, basi."

Akacheka. "Nani alimdanganya nani? Kalamu ilikuwa mkononi kwa nani, Mama Shifa? Halafu sikiliza, hakuna uongo tena. Nenda kahesabu. Bei ya Chini imeshuka kweli. Karatasi yako ni safi kama maji ya kisima chao."

Aliposema kisima, nikapata jibu la swali ambalo sikuwa nimeliuliza.

Chini ndiyo yenye maji baridi. Juu na Kati visima vyao vina chumvi, majani ya gofu yanababuka kila kiangazi. Na Kati ina mashimo sita. Chini ina matatu. Hata mtoto wa chekechea anajua sita na tatu ni ngapi.

"Kampuni yako inataka kuichukua Chini yote," nikasema. "Iwe na mashimo tisa na maji. Na wewe umewatangulia. Unanunua kwa hamsini uje uwauzie mabosi wako mwenyewe kwa mia mbili."

Kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Ndiyo maana nakupenda, una akili," akasema taratibu. "Sasa tumia akili hiyo. Mwezi huu andika Chini imeanza kupanda. Sabini. Mwezi ujao, tisini. Wa tatu, mia na ishirini. Ukifanya hivyo, nyumba moja ya vyumba viwili ni yako. Kwa jina lako."

"Na nisipofanya?"

Akasimama, akajipangusa suruali.

"Baba Shifa mguu unaendeleaje? Vile vyuma ni vya milioni nne, sivyo? Ujumbe wako wa kushukuru bado ninao kwenye simu. Umeandika vizuri sana, na tarehe ipo."

Akaondoka akipiga mluzi.

Nilifunga kibanda saa tisa mchana. Nilitembea mpaka nyumbani, nikageuka, nikarudi mpaka barabarani, nikageuka tena. Jirani akaniuliza nimedondosha nini. Nikamwambia ufunguo. Akaanza kunisaidia kuutafuta, na mimi nikainama naye nikatafuta ufunguo ambao ulikuwa mkononi mwangu.

Abubakari nilimkuta kwenye cherehani, mguu mbovu ameuegemeza kwenye kigoda, anashona sare za shule.

"Mama Shifa, mbona mapema?"

Nilitaka kusema nimechoka. Midomo ikasema mengine.

"Baba Shifa, zile milioni nne hazikuwa za mchezo."

Cherehani ikasimama.

Akawa anakunja na kukunjua ukosi wa shati la mtoto wa watu.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Mchezo wenu ni elfu ishirini ishirini, mpo kumi na wawili. Milioni nne zitoke wapi? Nilijua tangu siku ile." Hakuniangalia. "Sikuuliza kwa sababu mguu ulikuwa unauma, Zamda. Niliogopa ukinijibu, nitalazimika kukwambia uzirudishe."

Miaka kumi na sita ya ndoa, alikuwa hajawahi kuniita kwa jina.

Nilimweleza yote. Masunga, mauzo matatu, mikataba saba, Mwalimu Evalina. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Sahihi ya karatasi huwa unaiweka?"

"Naandika tu 'Dalali, Somanda'. Kila mtu anajua ni mimi."

Akatikisa kichwa. Akarudi kwenye cherehani. "Kesho nenda kwa Mwalimu. Usimpigie simu. Nenda."

Kesho yake saa nane mchana nilikuwa Binza.

Vyumba vyenyewe vilikuwa nyuma ya duka la mahindi. Mwalimu alikuwa uani, ameanika vitabu vyake juani juu ya mkeka, maana nyumba ina mchwa. Aliponiona akanyanyua mikono yote miwili.

"Zamda mwanangu! Mwadila, mayu!" akanisalimu Kisukuma; mayu ndiyo mama.

"Mwadila, Mwalimu."

Akaniletea michembe ya viazi vitamu na karanga, kikombe cha maziwa. Akanilazimisha nile kwanza. Nilikula kama mtu anayetafuna udongo.

"Nilitaka nije nikushukuru," akasema. "Mguu ndio unaniangusha, uzee huu. Karatasi yako iliniokoa. Kila siku naitazama, Juu inapanda, Kati imekaa, sisi tunazama. Nikasema Evalina, usingoje ifike arobaini. Nikauza."

"Mwalimu..."

"Wengine wamebaki mle wanasali. Mimi nilisema, Mungu ameshanijibu kupitia kwa mwanafunzi wangu."

"Mwalimu, karatasi ilikuwa ya uongo!"

Niliisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Mwenye duka la mahindi akachungulia.

Mwalimu hakushtuka. Aliweka kikombe chini, akavaa miwani yake, kama tulivyomzoea darasani mtu akitoa jibu la ajabu.

"Rudia. Taratibu. Anza mwanzo."

Nikarudia. Nililia katikati, akaningoja. Nilipomtaja Masunga, akauliza jina la pili. Nilipotaja mwezi, akauliza tarehe. Nilipofika mwisho, aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Akatoka na daftari na kalamu.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Hayohayo uliyosema. Kwa mkono wako. Bei ya kweli ilikuwa ngapi, wewe uliandika ngapi, nani alikulipa, lini. Mwishoni jina lako lote, na sahihi."

"Mwalimu, nikiandika hivyo nimekwisha."

"Mimi nimekwishaje?" akasema. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Andika, Zamda. Wewe hukuwa mvivu wa kuandika."

Nikaandika. Kurasa mbili na nusu. Kila mstari nilikuwa nanyanyua kichwa kutazama mlango wa uani, sijui nilikuwa nategemea nani aingie. Nilipoweka sahihi, alilichukua daftari, akasoma yote, akasahihisha neno moja, akalifunga.

"Utanisamehe, Mwalimu?"

"Mimi siwezi kukusamehe kitu ambacho si changu."

Sikumwelewa.

"Nyumba ile ilikuwa kwa jina langu," akasema. "Lakini mwenyewe ni Jilala, mtoto wa marehemu dada yangu. Yuko mgodini Geita miaka saba sasa. Alinunua kwa tisini na nane, akaniweka mle nimtunzie. Nilipoona bei inashuka, niliona jasho la mtoto yatima linavuja mbele ya macho yangu. Niliuza ili nimwokolee kilichobaki. Hela yote iko benki, sijagusa hata senti."

"Na yeye anasemaje?"

Mwalimu akavua miwani.

"Hajui. Atakuja mwezi wa kumi na mbili kuoa. Nilitaka nimwambie uso kwa uso. Mambo kama haya hayasemwi kwenye simu."

Hapo hapo simu yake ikaita.

Alikitazama kioo, akanitazama mimi. Akabonyeza, akaiweka juu ya mkeka, sauti ikiwa juu, maana masikio yake hayashiki vizuri.

"Mayu!" Ilikuwa sauti ya kijana anayehema. "Mayu, uko wapi? Nimekuja bila kukwambia, nilitaka nikushtukize. Niko hapa nyumbani, Chini. Ufunguo haufungui. Kuna mwanamke ndani anaitwa Benadetha, anasema nyumba ni yake. Mayu, wamekufanya nini?"

Mwalimu alivaa tena miwani.

"Mayu, unanisikia? Kuna meneja hapa anaitwa Masunga. Anasema ulidanganywa na dalali, tapeli mmoja wa Somanda, ndiye aliyeshusha bei za watu wote. Wakazi wamejaa hapa getini, polisi wameshaitwa. Anasema anaitwa Zamda. Unamjua huyo Zamda?"

Mwalimu aliisogeza simu kwa kidole mpaka ikagusa goti langu.

"Umeulizwa swali," akasema. "Jibu."

Niliishika. Ilikuwa ya moto kwa jua.

"Mimi ndiye Zamda," nikasema.

Nilingoja matusi. Sikusikia tusi hata moja. Nilisikia kelele za watu wengi, gari linasimama, mlango unafungwa, mtu anasema nipe, nipe mimi niongee naye. Kisha ikaja sauti ninayoisikia kila siku ya Mungu kwa miaka kumi na sita.

"Mama Shifa," akasema Abubakari. "Usiseme neno. Nimekuja hapa Chini mwenyewe, nimeshawaambia karatasi nilikuwa naandika mimi, wewe ulikuwa unatuma tu. Wananichukua sasa hivi."

"Baba Shifa, hapana! Baba Shifa!"

Simu ilikuwa imekatika.

Nikageuka. Mwalimu Evalina alikuwa ameshasimama, kitenge begani, daftari langu amelibana kwapani.

"Gari la Bariadi linaondoka saa kumi," akasema. "Unakwenda kunisomea hili mwenyewe pale kituo cha polisi, au nikalisome mimi?"